Mtazame Salumu anapofunga meno

Rehema rafiki yangu,

Nimeipata picha ya Salumu na nimeitazama mara nyingi. Mtoto amekua, masha Allah. Lakini kidevu chake kimekwenda kushoto. Ni kidogo tu, mwingine asingekiona. Mimi nimekiona kwa kuwa kidevu cha namna hiyo ndicho ninachokutana nacho kwenye kioo kila asubuhi.

Umeniambia shemeji anasema kupanga meno ni urembo, na kwamba mtoto akikua yatakaa sawa yenyewe. Hata kwetu walisema hivyo hivyo, na hawakuwa na nia mbaya. Mwezi uliopita daktari wa meno alinishikia kioo kidogo nitazame: gego langu la kulia limelika hadi limekuwa bapa, na lina ufa mwembamba kama unywele. Miaka yote hiyo lilikuwa likigongana na mwenzake vibaya.

Fanya hivi. Mwambie ameze mate, kisha afunge meno polepole mpaka magego yakutane. Mvute mashavu kwa vidole, utazame. Meno ya juu yanapaswa kuyafunika ya chini kwa nje pande zote, kama kifuniko cha kopo kinavyolivaa kopo, na mbele yayatangulie kwa milimita 2 au 3 hivi. Ukiona upande mmoja ya chini ndiyo yako nje, basi ana hali yangu. Mara nyingi huwa taya la juu ni jembamba. Magego yakigusana ncha kwa ncha mtoto hapati pa kutafunia, kwa hiyo analisogeza taya la chini pembeni mpaka yashikane. Hufanya hivyo kila anapotafuna na kila anapomeza, na mifupa ya uso inayokua inafuata. Ndipo kidevu kinapohama.

Zipo namna nyingine. Kuna meno ya juu yaliyochomoza sana, ambayo mtoto akianguka ndiyo yanayovunjika kwanza. Kuna ya chini yanayopanda mpaka yakachoma kaakaa. Wako wanaobakiwa na uwazi mbele hata wakifunga meno, hasa walionyonya kidole muda mrefu. Mwaka 1899 daktari Mmarekani, Edward Angle, aliyagawa meno yasiyokutana vizuri katika makundi matatu, na alipima kwa magego ya kwanza ya ukubwani, yale yanayoota karibu na miaka 6. Mwambie shemeji hilo. Anayetafuta urembo asingeanzia kwenye magego, ambayo hakuna anayeyaona mtu akicheka.

Na Salumu ana miaka 8, Rehema. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe asipite miaka 7, kwa hiyo hamjachelewa sana. Kaakaa la mtoto ni vipande viwili vilivyoungana katikati kwa mshono ambao bado haujakomaa. Daktari anaweza kuweka kifaa chenye skrubu, wewe ukawa unaizungusha kidogo kidogo kwa kiufunguo kama alivyokuelekeza, na taya likapanuka. Mshono huo ukishakaza, mtu mzima kama mimi huenda akahitaji upasuaji kwa kazi ile ile. Hapo ndipo moyo unaponiuma.

Waya za meno huenda zikaja baadaye. Usiogope ukisikia jino linasogezwa. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa, limeshikwa na nyuzi laini. Likisukumwa taratibu, mfupa ulio mbele yake unayeyuka na nyuma yake unajengeka mwingine. Ndiyo maana inachukua kama mwaka mmoja na nusu au miwili, haiharakishwi. Zikitolewa, atavaa kifaa cha kuyashikilia, maana nyuzi zile hupenda kuyarudisha meno yalikotoka. Hapo wengi huzembea, na kazi yote ikaharibika.

Tafadhali msimwambie ana kasoro. Mwambieni mnataka atafune vizuri, kwa kuwa ni kweli.

Mtazame leo akishapiga mswaki, taa ikiwa inawaka vizuri, kisha uniandikie ni upande gani.

Wako akupendaye,
Zuhura