"Dagaaasili": hizo "a" ni ngapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo, kwa nia njema, vijana wa Kigoma wanaofungua biashara za mtandaoni za dagaa, migebuka na mawese. Jina linapatikana kijiweni, fulana na bango vinachapishwa, ndipo mtu anauliza kama kikoa, yaani anwani ya tovuti inayoishia .co.tz au .com, bado hakijachukuliwa.

Kikoa hakina nafasi kati ya maneno, na hapo Kiswahili chetu hututega. "Dagaa Asili" linapendeza likitamkwa. Likiunganishwa linakuwa dagaaasili, a tatu mfululizo, na mteja wa Dodoma aliyelisikia redioni ataandika mbili. Kistari kinaruhusiwa katikati, si mwanzoni wala mwishoni, ila nani atakitaja kwenye simu? Neno la pili lianze na konsonanti. Epukeni pia "dh" na "r": ladha kuna wanaoiandika laza, na bora kuna wanaoiandika bola. Kipimo ni rahisi: wapigie watu kumi, watajie jina mara moja, waandike. Wakikosea watatu, tafuta jingine.

Likipita hapo, siku hiyohiyo litafute sehemu tatu: mfumo wa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara), kikoa, na kurasa za Instagram na Facebook. Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi kikoa, wala kikoa hakikupi alama ya biashara, yaani jina au nembo inayolindwa kisheria. Alama husajiliwa peke yake, hudumu miaka 7 kisha huhuishwa kwa miaka 10, na ni ya Tanzania Bara tu. Zanzibar ina usajili wake. Jina kama "Dagaa wa Kigoma" ni gumu kulilinda kama alama, kwa kuwa linataja bidhaa na mahali tu, na kila mvuvi wa Kibirizi ana haki nayo.

Kwa wateja wa ndani .co.tz inatosha. Anayeuza hadi Bujumbura na Kalemie aongeze .com. Msivutwe na bei ya mwaka wa kwanza. Ulizeni ya kuhuisha. Kwa kawaida .com iliyofutwa kwa kutolipiwa hukaa siku 30 za kukombolewa kwa ada nzito, kisha siku 5 ambazo haikomboleki tena, halafu yeyote anaichukua.

Kosa baya kuliko yote ni kumwachia fundi wa tovuti asajili kwa jina lake. Mkigombana, kikoa ni chake. Sehemu ya mmiliki iandikwe jina lako au la kampuni, na nywila ya akaunti ya msajili (kampuni inayouza vikoa) uwe nayo wewe. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hichohicho: kikiisha muda nayo inazimika, na tangazo la kulipia lilikuwa linatumwa humohumo.

Mtengeneza tovuti,
Mwanga, Kigoma