Jumamosi: njooni na waya wa USB

Hamjambo wanakikundi. Ukumbi wetu wa Majengo hauna waifai, kwa hiyo kila mtu ataipa laptopu yake intaneti kutoka kwenye simu.

Tumieni waya. Hotspoti (simu kurusha intaneti yake hewani kama waifai) 20 zikiwaka chumba kimoja, mawimbi hugongana na kila mtu hukwama. Tena waya unachaji simu papo hapo.

Kwa Android: chomeka waya, washa data, ingia mipangilio ya mtandao kisha hotspoti, uwashe "USB tethering" (kupitisha intaneti ya simu kwa waya). Kitufe kikiwa kimefifia, shuku waya kabla ya simu. Nyaya nyingi za bei rahisi zimeundwa kuchaji tu; ndani hamna nyuzi za kupitisha data. Jaribuni nyumbani leo, si Jumamosi saa tatu asubuhi! Wenye iPhone na Windows, wekeni iTunes (programu ya Apple) kwenye laptopu mapema, la sivyo laptopu huenda isiitambue simu.

Sasa bando, maana hapa ndipo watu hulia. Windows ikiona intaneti huanza kujisasisha kimyakimya. Mkishaunganisha tu, fungueni mipangilio ya mtandao huo muwashe "Metered connection" (inaiambia Windows ibane matumizi ya data), kisha msimamishe OneDrive, inayopandisha mafaili yenu mtandaoni. Kikao cha video cha saa moja chaweza kumeza GB 1. Wa Safaricom, salio la bando mtaliona kwa *544#.

Simu itapata moto, na joto letu mwalijua. Vueni kava, msiiweke dirishani juani.

Atakayekwama aandike hapa, ataje aina ya simu.