Kilo Mbili Zilizorudi Baada ya Pilau

Wiki iliyopita dada mmoja alisimama mlangoni pa ukumbi wetu wa mazoezi, Ngamiani, Tanga, raba mkononi, akanitamkia mbele ya darasa zima la jioni: "Kocha, umenila hela yangu." Alipungua kilo mbili kwa siku sita. Jumamosi akaenda shughuli Makorora, Jumatatu mizani ikamrudishia zote. Si wa kwanza mwaka huu, ndiyo maana naandika, niwe namtumia mtu haya badala ya kubishana naye mlangoni.

Alichofanya sikumwagiza mimi. Alikata wanga wote: ugali, wali, muhogo, hata ndizi mbivu. Shoga yake alimwambia wanga ukiliwa baada ya magharibi unageuka mafuta papo hapo, naye akaona bora aufute kabisa. Sasa sikilizeni, mabibi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, gramu mia kadhaa, na kila gramu 1 hushikilia maji kama gramu 3. Ukiacha kula wanga, akiba inaliwa na maji yake yanaishia chooni. Kilo zake mbili zilikuwa hizo. Sahani ya pilau na soda, akiba ikajaa, maji yakarudi kwao. Mafuta ya tumboni hata hayakujua kama kulikuwa na shughuli. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi. Haiishi kwa siku tatu hata ukihamia na godoro kwenye baiskeli yetu.

Kuhusu saa ya kula, mtu wa Tanga hahitaji kwenda mbali. Ramadhani nzima wateja wangu wanaofunga hula wanga wao wote kati ya magharibi na alfajiri. Kama usiku ndio mchawi, Idi ingewakuta wote wamenenepa. Lakini wapo wanaopungua na wapo wanaoongezeka, na nikifungua madaftari yao ya chakula naona sababu: aliyeongezeka ana muhogo wa tui zito, kaimati, vitumbua, juisi ya sukari, na daku juu yake. Gramu ya wanga ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Kikombe cha wali mweupe ni kama kalori 200. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ni 240, na kwenye sahani huvioni. Wali unatukanwa, tui limekaa kimya pembeni. Kinachopunguza mwili ni jumla ya unachokula siku hadi siku, wiki hadi wiki, si saa ya ukutani.

Kwenye mazoezi yenyewe, hapo saa ina kazi yake. Mama mmoja anayeuza vitambaa alikuja darasa la saa 11 jioni hajatia kitu kinywani tangu chai ya rangi ya asubuhi. Kwenye skwati ya nne (kuchuchumaa na kuinuka) akaona giza. Tulimkalisha chini, maji, tende tatu, akarudi kawaida. Mwezi mzima alikuwa ananyanyua dambeli za kilo 3 akidhani ni mvivu, kumbe tangi tupu. Siku hizi anakula mchana saa 7: ugali wa ukubwa wa ngumi yake, samaki, mchicha. Akikaribia kuja anakula ndizi moja. Ameshafika kilo 8, na usiku hafukuzani tena na bagia, maana njaa ya kujinyima mchana ndiyo iliyokuwa inampeleka huko. Wa alfajiri nao tende mbili tatu nusu saa kabla zinawatosha. Ukimaliza huna haja ya kukimbilia chakula kama unafukuzwa. Kwa anayefanya saa moja kwa siku, mlo wa kawaida wenye wanga pamoja na samaki, maharage au mayai utaijaza akiba kabla ya kesho. Mwenye kisukari anayetumia dawa, muulize daktari wako kwanza kabla ya kugusa ratiba ya wanga.

Binti mwingine alikuwa anakimbia Raskazone kila alfajiri na tumbo tupu, siku nzima anashindia matango. Alikuwa anasifiwa mtaani. Hedhi ilimkata miezi minne. Huyo sikumpa programu, nilimwambia aende hospitali kwanza. Mwili ukikosa nishati ya kutosha kwa muda mrefu unazima mambo ya uzazi, na mifupa nayo inaumia. Laiti angenijia mwezi wa kwanza.

Sasa bei. Najua kuna mahali wanatoza elfu 25 kwa mwezi, kwangu ni 45,000. Kule unalipia mlango na muziki. Hapa darasa halizidi watu kumi na wawili, daftari lako nalisoma kila Jumamosi, na kiuno nakupima mwenyewe kwa futi kamba ya fundi cherehani, usawa wa kitovu. Narudia wiki ileile ya mzunguko wako, kwa sababu wengi hujaa maji karibu na hedhi na mizani inawatisha bure. Wanaokuja baada ya kumaliza pesa kwenye chai za kupunguza tumbo (zile za kuharisha, jamani) hawalalamikii bei yangu.

Yule dada wa pilau nilimpima kiuno palepale, kimeshuka sentimita 1 tangu aanze. Hakufurahi. Alhamisi alikuja na ndizi kwenye mkoba, akaila benchini amenuna, haniangalii. Skwati zake kumi na mbili alimaliza zote, seti tatu. Hela sijamrudishia.