Mlangilangi au Mwasumini: Upi Unafaa Uani Kwako?

Masika yakikaribia, wateja wengi wanaofika kitaluni kwetu huuliza: nipande mlangilangi au mwasumini? Huwa wanadhani ni ndugu, kwa kuwa langilangi na asumini huingia pamoja kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, na kwenye kitanda cha biharusi. Si ndugu hata kidogo. Mlangilangi ni jamaa ya mstafeli na mtopetope. Mwasumini ni wa ukoo wa mzeituni. Na kila mmoja unataka mahali pake.

Mlangilangi ni mti hasa. Ukiachiwa hupita mita 10, na mzizi wake mkuu huzama chini sana. Kwa hiyo mwenye kiuwanja cha saruji Mji Mkongwe tunamwambia wazi asiununue, ingawa sisi ndio wauzaji. Kadhalika wa maweni, kama Makunduchi, ambako udongo ni haba juu ya jiwe. Penye udongo wa kina, kama sehemu nyingi za Pemba, unastawi vizuri. Ukate kilele mapema, kama wanavyofanya wakulima wa Komoro wanaokamua mafuta yake, ili maua yasiwe mbali na mkono.

Wanaolalamika kuwa langilangi lao halinuki, mara nyingi wamelichuma bichi. Ua hili hufunguka likiwa kijani na hukaa hivyo siku kadhaa. Subiri petali zigeuke njano, kisha chungulia ndani, pale zinapoanzia: ukiona doa jekundu, limeiva. Lichume alfajiri, jua halijawa kali.

Mwasumini ni kichaka, hata kwenye chungu unakaa, ilmradi upate jua. Kivulini utakupa majani matupu. Mbegu usihangaike nazo, huota kwa kijiti. Maua yakipungua, upogoe bila huruma, kwani asumini hutoka kwenye machipukizi mapya. Vitumba vichumwe alasiri, vyeupe na bado vimefumba, uvitunge uzini. Magharibi vitafunguka vyenyewe, na harufu yote itabaki kwa mvaaji.

Mkija, tuelezeni udongo wa kwenu na jua linapiga wapi. Anayechukua mlangilangi asiung'oe mche kwenye mfuko: auchane mfuko taratibu shimoni, udongo usimeguke, maana mzizi ule ukivunjika mche hudumaa.