Turubai likishakunjwa: barua kwa chama chetu cha kufa na kuzikana

Wanachama wenzangu wa Likoni,

Kwa maziko hatuna mpinzani. Simu ikilia usiku, alfajiri turubai limefungwa na sufuria zimetoka stoo. Siku ya tatu tunasoma hitima, tunakunja turubai, kila mtu kwake. Aliyekufa kwa maradhi, hayo yamtosha. Lakini aliyefia seli, au aliyeokotwa na risasi mgongoni, msiba wake hurudi miezi mingi baadaye mbele ya hakimu, na huko sisi hatuonekani.

Yalinikuta. Mdogo wangu alipokufa mikononi mwa askari, mama nilimsindikiza mahakamani peke yangu. Alivaa buibui lake la Idi akidhani siku ile kuna mtu atafungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba uchunguzi wa kifo si kesi ya jinai: mshtakiwa hayupo, hakimu anatafuta marehemu alikufaje. Akiona kosa limetendwa na mtu anayejulikana, ndipo huweza kuamuru aletwe mbele yake. Mama alikaa benchi moja na askari aliyekuja kutoa ushahidi, magoti yao karibu yagusane. Ndani, picha za maiti zikapitishwa mkono kwa mkono, naye akaziona kabla sijamfunika macho. Tuliahirishiwa mara saba. Baada ya ile ya nne hakwenda tena.

Basi nawaomba haya. Kifo kikiwa na utata, msimharakishe mfiwa kuzika. Najua sisi wa pwani maiti hatuilazi, na mashekhe wana haki ya kutukumbusha. Lakini bila upasuaji, hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na niliyemwona akizirai makaburini siku ya kufukua alikuwa mwanamume mzima. Upasuaji ufanywe, na familia iombe daktari wake awepo. Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, iandikwe siku hiyo hiyo. Polisi wanatakiwa kisheria kuwaarifu IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, mtu akifia mikononi mwao, ila familia isingoje, iende yenyewe.

Kisha mjipange kwa safari ndefu. Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita aliyepigwa na polisi kule Kisumu, alikufa Agosti 2017. Uamuzi wa hakimu ulitoka Februari 2019. Na hicho ni kifo kilichomulikwa na nchi nzima. Cha jirani yenu nani atakimulika?

Ile 200 ya kila mwezi tuliipangia jeneza, sanda na gari. Tutenge sehemu yake kwa nakala za stakabadhi na nauli. Feri ni bure kwa mwenye miguu, lakini matatu ya ng'ambo si bure, wala kibarua cha siku nzima kinachopotea kwa kuambiwa faili haionekani. Na nyinyi vijana wa kamati, mmoja wenu achukue daftari aandike nani kasema nini na kesi imepangwa lini, maana mfiwa hasikii kitu mle ndani. Mwingine aulize mapema picha zitatolewa saa ngapi, amtoe mama nje.

Kesi ya mjane wa pale kwa fundi baiskeli inatajwa mahakamani Jumanne. Nitakuwa ferini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayekuja na aje na chupa ya chai.

Mzee wenu, mweka hazina wa zamani