Barua ya wazi kwa Spika: mkataba wa gesi ya Lindi uje bungeni kabla ya kusainiwa

Mheshimiwa Spika,

Nakusalimu kutoka Mtwara Vijijini. Bomba la gesi iendayo Dar es Salaam limepita jirani na shamba la korosho la mama yangu. Anazijua nguzo za alama zake moja moja, maana kila asubuhi hupita hapo na mzigo wa matawi makavu ya mikorosho kichwani. Ndizo kuni zake. Nikienda kumwona huniuliza, "Hivi walikubaliana nini, mwanangu?" Sina jibu, na nahofia hata mbunge wetu hana.

Sasa unakuja mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayogeuzwa kimiminika, wa Likong'o, Lindi, ambao Serikali imetaja gharama yake kuwa takriban dola za Marekani bilioni 42. Sheria Na. 6 ya 2017 inataka mikataba ya maliasili itolewe taarifa bungeni ndani ya siku sita za vikao, baada ya mikataba hiyo kufungwa. Hilo neno "baada" ndilo linaloninyima usingizi. Wabunge wakikuta sharti baya, itabidi Serikali irudi kumbembeleza mtu ambaye tayari ana saini yetu mkononi.

Tumeshapita huko. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali iliagiza viongozi wa TPDC, shirika letu la umma la mafuta na gesi, wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba ya gesi. Mwaka huohuo nyongeza ya mkataba wa Kitalu Namba 2, eneo la gesi lililo baharini, ilivuja, ndipo wananchi wakauona mgawanyo wenyewe kati ya Serikali na kampuni. Julai 2015 sheria tatu, ya petroli, ya mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi, zikapita kwa hati ya dharura.

Naomba wabunge wakae hasa kwenye gharama. Watu wengi huuliza asilimia ya faida tu. Lakini kampuni hujirudishia kwanza fedha ilizotumia, ndipo kinachobaki kinagawanywa. Kila helikopta, kila mshauri aliyeletwa kutoka nje, akiandikwa kwenye hesabu hizo, fungu letu linapungua. Nani atazikagua, ana miaka mingapi ya kuzipinga, na kikomo cha kujirudishia kwa mwaka ni kipi? Haya hayasomeki kwenye muhtasari wa kurasa mbili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaloomba ni hili: kamati ya Bunge inayosimamia nishati ipewe rasimu nzima pamoja na viambatanisho kabla ya kusainiwa, ipewe muda wa kuita wataalamu wake, na ije Lindi na Mtwara kutusikiliza. Mkataba ukishafungwa, uchapishwe kama Sheria ya Uwazi ya 2015 inavyotaka, na uwepo kwa Kiswahili. Nitamsomea mama kifungu cha mgawanyo, neno kwa neno.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mpiga kura, Mtwara Vijijini