Kura ya diwani na kura ya Ulaya

Dublin, 20 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huku sote wazima, na natumaini hapo Tanga hamjambo.

Hao wa barazani waliokwambia kuwa Ireland imewaruhusu wageni wote kuchagua wabunge wa Ulaya wamechanganya kura mbili zilizopigwa siku moja. Ijumaa ya tarehe 7 Juni watu walichagua wabunge wa Bunge la Ulaya na madiwani katika kituo kimoja, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Mjini Limerick walipiga na kura ya tatu, ya meya.

Kura ya diwani ni ya kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na pasipoti ya Tanzania au ya Brazil, hata anayesubiri jibu la ombi lake la ukimbizi. Anaruhusiwa na kugombea. Rotimi Adebari, aliyeingia nchini kutoka Nigeria akiomba hifadhi, alichaguliwa diwani katika mji wa Portlaoise mwaka 2004, na 2007 akawa meya. Bunge la Ulaya ni jambo jingine: wanaolichagua ni raia wa Ireland, na raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya wanaoishi hapa. Hao wa pili lazima kwanza watie saini tamko kuwa hawatapiga kura hiyohiyo kwao. Waingereza waliipoteza kura hii nchi yao ilipojitoa kwenye Umoja, ingawa bunge la hapa, Dáil, bado wanalichagua.

Hayo yote huonekana mezani kituoni. Karani akifungua daftari, mtu wa kura ya diwani pekee ana herufi L kando ya jina lake, na anapewa karatasi moja tu. Wengi hukwama hapo: mtu ameshapata uraia, lakini hakuiarifu halmashauri, basi daftari linamsoma kama zamani. Siku ya kura hakuna wa kumrekebishia. Safari hii mwisho wa kujiandikisha au kusahihisha taarifa ulikuwa 20 Mei. Kazi yenyewe ni ya dakika chache mtandaoni: namba ya PPS (namba ya mkazi ya huduma za serikali), tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta wa nyumba. Asiye na PPS hujaza fomu na kuipeleka polisi igongwe muhuri.

Karatasi nayo ina mitego yake. Haiwekwi alama ya vema. Unaandika 1 kwa unayemtaka kwanza, 2 kwa anayefuata, mpaka uchoke. Kwenye kura ya Ulaya, Dublin walikuwa wagombea 23 kwa viti 4. Kura halali hugawanywa kwa 5 (idadi ya viti na moja zaidi), kisha jibu likaongezwa moja. Anayefikisha idadi hiyo amepita, na kura zake za ziada huhamia kwa chaguo linalofuata. Wa mkiani huondolewa, kura zao nazo zikahamishwa, ndiyo maana kuhesabu huchukua siku kadhaa. Kosa la kawaida ni kuandika 1, 2, 3 kwenye karatasi ya Ulaya, kisha kuendelea na 4, 5 kwenye ya diwani. Kila karatasi ianze na 1 yake. Ukiandika jina lako, kura imeharibika.

Barazani wasicheke sana. Wajumbe wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, hatuwachagui sisi. Wanachaguliwa na Bunge la Dodoma.

Mtanzania akitaka ile karatasi ya pili, ya Ulaya, njia ni uraia wa Ireland: miaka mitano ya ukaazi unaohesabika, euro 175 za maombi na 950 za cheti. Na kwa kuwa sheria yetu haikubali uraia pacha, anaacha wa nyumbani. Mkenya hana shida hiyo tangu katiba ya 2010. Kwa maoni yangu, ni bei kubwa kwa viti 14 vya Ireland katika bunge la watu 720, wakati nyumba za halmashauri, maktaba na barabara za mtaa ziko kwenye karatasi ambayo wenzetu wengi hata hawajui ni haki yao.

Salim akija Septemba ajiandikishe mara apatapo PPS, asingoje mwaka wa uchaguzi. Nisalimie Mama Mdogo na watoto.

Mwanao